Mwaka wa Chupa Tupu

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Mwadime, na msemaji mmoja akasimama mbele ya jeneza akasema kwamba marehemu, katika miaka yake yote ya maabara, hakuwahi kutoa jibu lisilo la kweli. Watu wakaguna kwa kukubali. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya tatu, leso mkononi, machozi yananichuruzika, na papo hapo nikashikwa na kicheko nikajikohoza ili nisiaibike. Maana najua alivyoponea chupuchupu. Mwaka mmoja, miaka ya themanini ikielekea ukingoni, barua ilikwisha pigwa taipu, imebaki kutiwa sahihi tu, na jibu lililokuwamo lilikuwa la uongo mtupu. Na mwenye uongo huo nilikuwa mimi, Kadzo, niliyekaa pale nikilia kwa adabu zangu zote.

Ya nyumbani kwetu nayaacha. Kila ukoo una mambo yake na yetu hayana jipya. Naanza na chumba, kwa kuwa mwaka ule wote naukumbuka kwa vyumba. Maabara yetu ilikuwa Changamwe, ghorofani, juu ya ghala la magunia. Ukipanda ngazi za mbao ulikutana na harufu tatu kwa zamu: kahawa iliyokaangwa ng'ambo ya barabara, grisi ya malori, na spiriti tuliyopangusia meza. Mashine ilikaa katikati ya chumba, kubwa kama kabati la vyombo, na ndani yake mlikuwa na bomba jembamba lililojiviringa mara nyingi. Unatia tone la sampuli, gesi inalisukuma ndani ya bomba, na kila kitu kilichomo kwenye tone kinatoka kwa wakati wake. Kikitoka, kalamu iliyofungwa ubavuni inapanda na kushuka, inachora kilima kwenye karatasi inayojikunjua. Kitu kikiwa kingi, kilima kirefu. Sampuli moja yaweza kukupa vilima mia na zaidi. Vijana wa siku hizi, wenye kompyuta zinazochora maelfu kabla hujamaliza chai, wakinisikia nikisimulia kalamu na karatasi wanatabasamu kama watu wanaomsikiliza bibi akieleza habari za punda. Watabasamu tu. Makosa yao ni yale yale, ila yanakwenda mbio zaidi.

Kazi yenyewe ilikuwa haja ndogo za watoto. Upande wa Likoni walikuwako watoto waliolegea miguu pasipo homa wala kuanguka, na hakuna aliyejua kwa nini. Mwadime alikuwa ndiye mkuu wetu, Mtaita mrefu, mpole wa sauti na mkali wa kazi, na alitaka tuchukue haja ndogo ya watoto wagonjwa na ya watoto wazima, wa Likoni na wa kwingine, Junda na Miritini, tuvilinganishe vilima. Hatukuwa tukitafuta kitu fulani. Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Ukitafuta sukari, unaijua sukari, ukiikosa unasema haipo. Sisi tulichora kila kilichokuwamo, kisha tukakodoa macho kuona kipi kimezidi na kipi kimepungua. Mtu anayetafuta asichokijua, alisema Mwadime, atakipata, hata kama hakipo.

Kwa hiyo alikuwa na masharti, na masharti yale mimi niliyaona uchuro. La kwanza lilikuwa shahidi. Katika kila sampuli iliyoingia tulichota tone moja, tukayamimina yote katika chupa moja kubwa, ikawa na kidogo cha kila mtoto. Hiyo ndiyo tuliyoiita shahidi. Kila tukipitisha sampuli kumi mashineni, ya kumi na moja ni shahidi. Ikiwa vilima vyake vya saa nane mchana havilingani na vya saa tatu asubuhi, basi mashine ndiyo iliyobadilika, si watoto, na kazi ya siku nzima inamwagwa. Sharti la pili lilikuwa kura. Tuliandika namba kwenye vizibo vya soda, tukavitia ndani ya kikapu cha ukindu, na kila asubuhi tukavichomoa kimoja kimoja kujua ni sampuli ipi itatangulia. "Jua likipiga bati la ghala, mashine yachoka," alisema. "Mkipitisha Likoni asubuhi na Junda alasiri, mtalipima jua, mseme mmepima watoto." Na la tatu, ndilo lililoniponza, lilikuwa chupa tupu. Katika kila kreti ya chupa iliyotoka Changamwe, moja ilitoka bila mwenyewe. Isafiri na wenzake, ifike kijijini, ilale kule wanakolala wenzake, ifunguliwe pale pale, itiwe maji safi tuliyotoka nayo maabara, ifungwe, irudi, ipitishwe mashineni. Ile karatasi yake itoke tambarare. Ikionyesha kilima, basi kilima hicho kimetoka kwenye chupa au njiani, si kwa mtoto. Na anayeijaza aandike kwenye daftari mahali, siku, na sahihi yake.

"Mashine haina dini, Kadzo," aliniambia siku ya kwanza. "Itakuapia chochote. Wa kuapa kweli ni wewe."

Nikaitikia "Ndiyo, Mzee," na moyoni nikasema huyu naye, chupa ya maji anaifanyia maziko. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, najijua hodari, na nilikuwa na jambo langu. Palikuwa na nafasi moja ya kwenda Nairobi kusomea uchunguzi wa kemikali, nafasi moja kwa mwaka, na ufunguo wake ulikuwa barua ya Mwadime. Nililala nayo na kuamka nayo. Fundi wetu wa mashine, Omondi, mtu wa bara mwenye mzaha usiokwisha, alikuwa akiniita "Profesa" kila nikipita na ndoo ya kuoshea chupa, nami nikinuna kumbe nafurahi.

Likoni nilipewa mimi. Kituo chetu kule kilikuwa nyumba ya Bi Zainabu, mjane wa makamo aliyekuwa akiheshimiwa na mtaa mzima, na mjukuu wake Fatuma, mtoto wa miaka sita, alikuwa mmoja wa wagonjwa wetu. Kreti ya chupa tuliifikisha kwake siku moja kabla. Kesho yake kina mama walikuja kwake kuchukua chupa na kuzirudisha zikiwa na kitu, nami nilifika asubuhi kuandika majina. Nyumba ile naiona hata sasa. Ukumbi mrefu wenye ubaridi, mkeka mpana, kitanda cha kamba alicholazwa Fatuma ili awaone wapitao, na pembeni mtungi wa maji uliofunikwa kwa kawa. Karibu na mtungi kilikaa chetezo. Bi Zainabu hakumpa mtu maji hivi hivi. Gilasi iliinamishwa kwanza juu ya moshi wa ubani, ikatulia, ndipo yakatiwa maji. Nilipoyanywa mara ya kwanza nilidhani nimepewa kitu cha harusini. Kwetu Kisauni tulikunywa kwa kata, ukibahatika haina mchanga.

Na chakula! Wallahi sijala tena wali kama ule. Wali wa nazi uliopaliwa moto juu na chini, mchuzi wa papa, kachumbari ya ndimu, pilipili ya kukaanga kwenye kisahani, na ukwaju uliokorogwa ukapoa. Nikijitia kukataa kwamba nina kazi, Bi Zainabu hunitazama hivi.

"Kazi yako yakimbia wapi? Ndoo hapa ule, mwanangu. Mtu hapimi watu na njaa."

Tukila, kina mama waliozunguka waliongea, nami nikasikiliza. Niliyajua ya mtaa wote kwa sikio moja huku jingine likiwa kwenye mafupa ya papa. Walisema juu ya kisima, kile kisima cha mawe nyuma ya msikiti walikochota wote, kwamba maji yake matamu kuliko ya mfereji na wali wake hauchachi. Walisema juu ya miguu ya watoto kwa sauti ya chini. Mmoja akisema ni jicho, mwingine ni mihogo, mwingine ni kudra. Bi Zainabu alikuwa akimkanda Fatuma miguu kwa mafuta ya nazi, goti hadi kisigino, na siku moja aliinua kichwa akaniuliza mbele ya wote, "Mtajua lini?"

"Inshallah karibu, Bi," nikamwambia. Nilijisikia mkubwa kwa kulisema.

Sasa kosa. Safari ya kwanza kabisa, chupa zilipokwisha kugawiwa, alikuja mama mmoja kutoka ng'ambo ya mashamba, amembeba mtoto mgongoni, amechelewa, jasho linamtoka, na chupa hakuna. Ipo moja tu, ile tupu. Nikamtazama yule mama, nikaitazama chupa, nikampa. Nani asingempa? Niliporudi Changamwe jioni nilichukua chupa safi kabatini, nikaitia maji safi, nikaibandika namba, nikaandika kwenye daftari: Likoni, imejazwa mahali pake, sahihi. Nikajiambia maji ni maji. Karatasi yake ilitoka tambarare kama meza. Mwadime akaipigia mstari mwekundu wa kuridhika, na hakuna mbingu iliyoanguka. Basi safari ya pili sikuwa na mama wa kumhurumia, nilikuwa na wali mbele yangu, nikasema nitajaza nyingine ya kabatini nikirudi. Ya tatu ikawa desturi. Ya nne sikufikiri hata kidogo. Uongo wa kwanza nilitoa kwa huruma, uliobaki nilitoa kwa uvivu, na sahihi zote zilikuwa nzuri sawasawa.

Baada ya miezi kadhaa Mwadime alitandaza karatasi sakafuni, kutoka mlangoni hadi dirishani, akavua viatu, akatembea kati yake kwa soksi. Omondi na mimi tulisimama ukutani. Akaja akainama, akaweka kidole. Kilima cha kumi na saba. Kila karatasi ya Likoni ilikuwa nacho, wagonjwa na hata wazima, nyingine kirefu, nyingine kifupi. Junda hakuna. Miritini hakuna. Akamtazama shahidi: yuko imara, asubuhi na alasiri. Akatazama kura: zimechanganywa vyema. Akatazama chupa tupu za Likoni, zote nne: tambarare. "Kipo," akasema. Kwa kuwa hata wazima walikuwa nacho, alisema, ni kitu wanachokinywa wote, ila miili mingine yahimili na mingine haihimili. Akaniagiza maji ya kisima. Bi Zainabu mwenyewe alinichotea, kwenye chupa iliyobaki ya kreti yetu, akanipa kwa mikono miwili. Tukayapitisha. Kilima cha kumi na saba kikasimama.

Siku zile maabara iligeuka nyumba ya arusi. Omondi alileta viazi karai vya kutosha watu kumi. Mwadime, ambaye chai yake ilikuwa ya strungi, isiyo na maziwa wala sukari, alinywa soda. Kupitia ukuta wa mbao nilimsikia akizungumza kwa simu na mkubwa wa mambo ya maji: kisima kifungwe, kizibwe kwa zege, wenyeji waelezwe. Barua rasmi itafuata. Na alipotoka alinipita mlangoni akasema, kama mtu asemaye habari ya mvua, "Ile barua yako ya Nairobi nitaiandika na hii, zote mbili Jumatatu." Nilishuka ngazi zile bila kuzigusa.

Alhamisi nikaenda Likoni na kreti mpya ya mzunguko wa mwisho. Habari za kisima zilikwisha fika, sijui kwa mdomo wa nani. Kina mama hawakunikaribisha kama zamani. Mmoja alisema nisikie: "Huyu ndiye aliyetuletea sumu kwenye kisima cha mababu." Mwingine akamtupia Bi Zainabu: walikaribishwa na wewe. Lakini Bi Zainabu alikuwa na uso mwingine kabisa, uso uliokunjuka. Alinishika mkono akaniketisha karibu na kitanda. "Wacha waseme. Maji twaweza kuyafuata hata mwendo wa saa. Mimi nimepata kujua, mwanangu. Miaka miwili nalala sijui nimemkosea nini mtoto huyu. Sasa najua ni maji. Alhamdulillahi." Fatuma alikuwa anacheza na vizibo vya soda nilivyomletea, anavipanga kwenye tumbo lake.

Halafu Bi Zainabu akavuta chetezo. Akapuliza makaa, akatia chembe za ubani, na akaanza kuzitoa chupa zetu kwenye kreti, moja moja. Akafungua kifuniko, akaiinamisha chupa juu ya moshi, akasubiri, akaifunga. Akachukua ya pili. Nilitazama mpaka ya tatu ndipo sauti ikanitoka.

"Bi, wafanya nini?"

"Nazifukiza."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Ah, Kadzo! Kitu chenyewe ni najisi, mgeni wa watu aje akipokee kwa mkono wake, nami nimpe kwenye chupa inuke vile? Hata ile ya maji ya kisima niliifukiza. Nina haya mimi."

Nilimwomba chupa moja iliyofukizwa, tupu, nikaitia kwenye mkoba, nikaaga bila kula, na yeye akasikitika kwamba wali ulikuwa jikoni.

Jumamosi asubuhi nilikuwa maabara kabla ya mlinzi kumaliza kufagia. Nilitia maji safi kwenye chupa ile, nikaitikisa, nikachota tone, nikalitia mashineni. Kalamu ikatembea. Tambarare, tambarare. Nikahesabu muda kwa saa ya ukutani, najua kilima cha kumi na saba hutoka dakika gani. Omondi aliingia akiwa na bisibisi mdomoni, akasimama nyuma yangu. Dakika ikafika, kalamu ikajinyanyua, ikapanda, ikapanda, ikashuka.

"Hiyo ni ya mtoto gani?" akauliza.

"Ni maji. Maji ya hapa hapa."

"Kumbe hata maji yetu ni ya Likoni siku hizi!" akacheka, kisha akaniona uso, akaacha kucheka. Nikamweleza yote, ubani na zile chupa nne za kabatini nilizozijaza mwenyewe. Alikaa juu ya kiti cha Mwadime akapangusa bisibisi. Kisha akasema, "Profesa, mimi sijaona kitu. Hiyo karatasi ikipotea, imepotea. Watachimbiwa kisima kingine, maji si yatakuwa tu? Na wewe unaenda shule." Hakusema kwa ubaya. Alinipenda yule bwana, na nilijua anachokisema ni kile nilichokuwa nikijiambia tangu kivukoni.

Nikaikunja karatasi nikarudi nayo Kisauni. Jumapili sikwenda kanisani. Nilijilaza chumbani nikihesabu. Nikinyamaza, nakwenda Nairobi, na kisima kinazibwa zege, na Bi Zainabu anaamini anajua. Nikisema, sina Nairobi, na yeye hajui tena. Jambo lililonishangaza ni kwamba kisima hakikuniuma sana, wala Nairobi haikuniuma kama nilivyotazamia. Kilichoniuma ni ile alhamdulillahi. Alimshukuru Mungu kwa sahihi yangu.

Jumatatu Mwadime alikuwa na strungi yake mezani na barua mbili zilizopigwa taipu. Niliiweka karatasi juu ya barua hizo. Nikasema bila kupumua, nikikitazama kikombe chake.

"Nani mwingine ameiona?"

"Omondi."

"Chupa ngapi?"

"Nne, Mzee."

"Sahihi ya nani?"

"Yangu."

Akaikunjua karatasi, akapitisha kidole kwenye kilima, taratibu, kama mtu anayemgusa mtoto aliyelala. Kazi ya mwaka wake ilikuwa pale chini ya kidole. Nilingoja anifokee, laiti angenifokea. Akainua simu, akampata yule mkubwa wa maji, akasema, "Msikifunge. Hapana, kosa ni letu. La maabara yangu, ndiyo. Mimi ndiye mkuu wake." Jina langu hakulitaja, si siku ile wala baadaye. Akaweka simu, akaichukua barua ya kisima akaipasua mara mbili. Kisha akaichukua ya pili, yangu, akaisoma yote tena, neno kwa neno, kabla ya kuiweka kando.

"Hii siwezi kuitia sahihi mwaka huu, Kadzo. Hapa nimeandika kwamba neno lako ni la kuaminika."

"Ndiyo, Mzee."

"Kazini utabaki. Utazirudia zote, kwa chupa mpya. Lakini kwanza nenda Likoni ukamwambie yule mama. Peke yako. Mimi ningeweza kwenda, lakini hakuniamini mimi."

Nilikwenda mchana ule ule. Kina mama walipopata habari kwamba kisima chao ni salama walipiga vigelegele, wakacheka, wakanisamehe kwa dakika moja. Nikaona jinsi ilivyo rahisi kusamehewa na usiyemwumiza. Bi Zainabu hakucheka. Alingoja waondoke. Nilimwambia ubani, nilimwambia chupa, nikamwambia kwamba kosa si lake hata chembe, ni langu, kwamba ningeijaza chupa moja tu kwenye ukumbi wake tungelijua siku ya kwanza.

"Nimewaharibia kazi," akasema.

"Si wewe, Bi."

"Mliniuliza mihogo. Mkaniuliza choo, mkaniuliza mtoto alinyonya miezi mingapi. Mbona chupa hamkuniuliza? Mngeniuliza ningewaambia." Kisha akauliza lile nililokuwa nikiliogopa. "Basi miguu ya Fatuma ni nini?"

"Hatujui."

"Na wiki iliyopita mlikuwa mwajua?"

"Tulidhani twajua. Hatukuwa tukijua."

Akageuka akamtazama mtoto. Sikuweza kumfariji, kila neno nililokuwa nalo lilikuwa la aina ile ile iliyotufikisha pale. Nililia, na yeye, badala ya kulia, akanipa leso. Kisha akasema, "Haya. Leta chupa nyingine."

Tulizirudia zote. Kilima cha kumi na saba kiliondoka, na hakuna kingine kilichosimama mahali pake. Mwaka mzima, watoto wa mitaa mitatu, vizibo vya soda kikapu tele, na jibu letu likawa kwamba hatujapata. Mwadime aliliandika hivyo hivyo na kulipeleka kwa wakubwa, na sijui walimwambia nini. Nairobi nilikwenda baada ya miaka miwili, kwa barua nyingine. Fatuma alikua, akaolewa, anatembelea mkongojo hadi leo, na ana ulimi mkali kuliko nyanyake.

Nyanyake nilizoea kupita kwake kila nikivuka Likoni, hata nilipokuwa sina kazi huko tena. Nilikula, nikasikiliza ya mtaa, na wakati wa kuaga alinishika mkono akaniuliza, "Mmejua?" Nikamjibu, "Bado, Bi." Miaka ikaenda, nikawa na wadogo zangu wa kuwafokea maabara, kukawa na mashine mpya, na yeye macho yakaanza kuingia ukungu, na swali likawa lile lile na jibu lile lile. Mara moja jirani mgeni alimsikia, akamcheka, akamwambia, "Bibi, huyu hukwambia bado tangu wewe una meno. Wamwulizia nini?"

Bi Zainabu hakumgeukia. "Huyu akisema bado, ni bado," alisema. "Siku akisema wamejua, nitaamini."

Alikufa nikiwa bado sijamwambia.